Siku Nne za Kuwa A

Mjomba wangu Shigemitsu Oyamada alikuwa O kwa miaka sitini na moja, na A kwa siku nne. Siku ya nne akafa. Msibani ndugu zake walibishana amekufa akiwa wa kundi gani, na hadi leo hawajaelewana. Mimi sikutia neno. Nilikuwa na kipande changu katika kifo kile, na mwenye kipande hukaa kimya akanywa chai.

Kwetu Akita mtu hakuulizi baba yako ni nani. Anakuuliza damu yako kundi gani, kisha anatikisa kichwa taratibu kama hakimu aliyekwisha kusoma jalada. A ni mwangalifu, ana wasiwasi, anapanga viatu mlangoni. O ana moyo mkubwa, hajali, anacheka mpaka jirani anafunga dirisha. AB haeleweki. B ni sisi wengine. Nilipoacha chuo kule Sendai nikiwa mwaka wa tatu, mama alilia siku mbili, halafu akakumbuka kwamba mimi ni B, akafuta machozi. Watu wa B hawamalizi kitu. Ikawa nafuu kwa wote, maana hakuna aliyelazimika kuniuliza kilichonitoa chuo ni nini hasa.

Nikaenda kufanya kazi kwa mjomba, kaka yake mama. Alikuwa anatengeneza achari ya figili za moshi. Kwetu theluji inaanguka kabla jua halijapata nafasi ya kukausha chochote, kwa hiyo figili, zile nyeupe ndefu kama mkono wa mtu, tunazifunga kwa kamba na kuzitundika kwenye dari ya kibanda, chini tunawasha moto wa kuni za mwaloni na za mti wa cheri. Zinafukizwa siku nne, zinasinyaa, zinakuwa za kahawia. Kisha zinazikwa kwenye mapipa yenye pumba za mchele, sukari na chumvi. Chumvi nyingi. Daktari mmoja wa wilaya aliwahi kusema watu wa huku hatuzeeki, tunahifadhiwa.

Kwa kuwa mjomba alikuwa O, kila mtu alijua alivyo kabla ya kumjua. Kwenye mikutano ya wakulima yeye ndiye aliyetakiwa kuwa wa kwanza kucheka na wa kwanza kumaliza kikombe cha pombe ya mchele. Akipigwa na baridi alitakiwa kusema hakuna baridi. Hata mke alimpata kwa damu. Mwaka themanini na tano mshenga alipeleka kwa wazazi wa Bi Fusae picha ya mjomba na karatasi moja: urefu, shule, shamba, kundi la damu. Bi Fusae ni A. Baba yake alikuwa na mchumba mwingine mkononi, karani wa benki, lakini karani alikuwa B. A na O ndiyo ndoa inayosifiwa kuliko zote, mmoja ana wasiwasi na mwingine hana, wakichanganywa wanatoa watu wawili wa kawaida. Karani akarudishiwa picha yake.

Mimi niliyeshinda naye kibandani nilikuwa naona mambo mengine. Alihesabu figili mara mbili. Alivuta kila fundo mara tatu. Tukishafunga na kufika barabarani alikuwa anarudi kuangalia moto, kisha anarudi kuangalia kama aliuangalia. Nikimwambia, "Mjomba, mbona mambo yako ya A?" anajibu, "Nacheza tu, bwana," na anatoa ile sauti yake ya kucheka. Alikuwa na kicheko kizuri. Alikuwa amekifanyia mazoezi miaka mingi.

Mwezi wa sita kulikuwa na upimaji wa afya wa kila mwaka kwenye ukumbi wa mtaa. Mwezi wa saba ikaja bahasha ya buluu. Presha yake ilikuwa juu, mafuta yalikuwa mengi, na walipompima shingoni walikuta mshipa wa damu umeanza kuziba. Wakasema kama wa shingoni uko hivyo, na ya moyoni huenda iko hivyo hivyo. Aende kliniki ya moyo, Akita mjini, na barua hiyo. Bi Fusae akaiweka mahali tunapoweka karatasi zote za maana, kwenye droo ya madhabahu ya kuwakumbuka marehemu pale sebuleni, chini ya picha ya babu. Babu alifia mezani akiwa na miaka sitini na miwili, vijiti mkononi, supu ikiwa bado ya moto.

"Unaenda lini?" Bi Fusae akauliza.

"Nikipata nafasi."

"Nafasi unayo. Figili bado ziko ardhini."

"Wewe mwanamke, mimi ni O. Unataka watu wa kliniki wanicheke?"

Mwezi wa nane akaenda kunyoa kwa Kanbe, ambaye duka lake linatazamana na kituo cha basi. Kanbe huwawekea wateja magazeti ya zamani. Katika moja, gazeti la afya lenye picha ya nyanya kubwa mbele, mjomba akakuta makala inayosema watafiti wamegundua kwamba watu wa kundi O hupatwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo kidogo kuliko makundi mengine. Akaomba apewe ule ukurasa. Kanbe akamwambia gazeti ni la wateja, hachani. Mjomba akainakili makala yote kwa mkono, neno kwa neno, akaja kuibandika kwenye nguzo ya kibanda.

"Soma," akaniambia.

Nikasoma. Iliandikwa "kidogo kuliko". Nikamwambia, "Mjomba, hapa hawajasema O hapatwi kabisa. Wamesema kidogo."

"Kidogo si ndiyo vizuri?"

Sikubisha. Nilikuwa nimeacha chuo na sikutaka kuanza kukirudia kibandani.

Nyumbani vita vya chumvi vikaanza. Bi Fusae alipunguza miso, ile rojo ya soya yenye chumvi, kwenye supu kidogo kidogo, kila wiki kijiko, akidhani mzee hatagundua. Akatia maji kwenye chupa ya sosi ya soya. Siku moja mjomba akaonja tofu yake, akaweka vijiti chini.

"Fusae, hii soya imeoga?"

"Soya ni ile ile. Ulimi wako ndio umezeeka."

"Ulimi wangu unajua maji ya bomba letu. Masaki, onja."

Nikaonja. Nikasema ni ile ile. Bi Fusae akaniongezea wali. Kesho yake nikamwona mjomba kibandani ana kichupa mfukoni, kile cha plastiki chenye umbo la samaki kinachokuja na chakula cha kununua, amekijaza soya halisi. Akaweka kidole kwenye midomo yake, nisiseme. Nikala wali wa mmoja na siri ya mwingine, nikanenepa.

Sasa nifike pale penye kipande changu. Ilikuwa mwezi wa tisa, tunabadilisha kamba zilizooza darini. Yeye alikuwa juu ya ngazi, amenipa mgongo. Akasema, "Masaki, wiki ijayo una kazi?"

"Kazi yangu si wewe?"

"Nilifikiri labda utanisindikiza mjini. Ile kliniki. Uende tu ukae pale."

Nami nikasema, "Mjomba, O mzima unataka kusindikizwa? Sasa sisi B tubebwe mgongoni?"

Alifunga fundo moja kwanza. Halafu akacheka, kile kicheko, mpaka ngazi ikatikisika. "Nilikuwa nakupima tu," akasema. Ulikuwa utani mzuri. Jioni ile niliurudia kwa watu watatu, na mmoja wao alitema bia.

Mwezi wa kumi mjomba alinyoa nywele mara tatu. Mwezi mmoja, mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa na nywele za kunyoa. Mara ya pili Kanbe alizitafuta. Mara ya tatu alirudi kichwa kinang'aa kama yai la kuchemsha. Kijiji kizima tukafurahi. "Mzee anakwenda utawani," tukasema, maana watawa wetu hunyoa kichwa chote. Bi Fusae alimfumia kofia, naye akaivaa akisema hakuna baridi.

Tarehe kumi na mbili ya mwezi wa kumi na moja, Jumatatu, tulikuwa tunatundika mzigo wa pili. Yeye juu, mimi chini nampa mafungu. Nikanyanyua fungu, mkono wake haukuja. Nikatazama juu. Alikuwa ameshika boriti, uso umekuwa wa rangi ya figili mbichi. Alishuka mwenyewe, ngazi kwa ngazi. Akaenda kwenye moto. Akachukua koleo, akazisogeza kuni zilizokuwa karibu na ukuta, akazifunika majivu, akaweka ndoo ya maji pembeni. Hapo ndipo akakaa chini kwenye udongo.

"Kifua," akasema. "Samahani kwa usumbufu."

Gari la wagonjwa likaja. Hospitali ya wilaya, nesi akatukuta mimi na Bi Fusae kwenye korido. "Kundi lake la damu?"

"O," tukasema kwa pamoja, kama wanafunzi.

"Sawa. Tutapima wenyewe," akasema nesi, akaenda.

Aliporudi alikuwa na karatasi. "Nani aliwaambia ni O? Huyu ni A. Tumepima mara mbili."

Bi Fusae akamwambia haiwezekani, imeandikwa kwenye kijitabu chake cha kliniki tangu amezaliwa. Nesi akacheka kidogo, akasema wazee wengi wako hivyo. Zamani mtoto alikuwa anapimwa akitoka tu tumboni, na damu ya mtoto mchanga bado haijajionyesha vizuri; A ikiwa dhaifu inaonekana kama O. Mkunga anaandika, mama anafurahi, na hakuna anayepima tena. Akasema hivyo kama anatueleza habari ya treni kuchelewa. Bi Fusae alikaa kwenye benchi. Nilijua anamfikiria karani wa benki, au hamfikirii mtu kabisa.

Walipitisha mpira mwembamba mkononi mwa mjomba hadi moyoni, wakafungua mshipa mmoja. Miwili mingine ilihitaji kupasuliwa. Operesheni ikapangwa Ijumaa.

Tulimwambia jioni ile. Alitazama dari muda mrefu, kama anahesabu boriti.

"A," akasema.

"A," Bi Fusae akasema.

"Kama wewe."

"Kama mimi."

Nikasubiri kicheko. Hakikuja. Akageuza kichwa. "Fusae, naogopa hiyo Ijumaa."

"Najua."

"Naogopa tangu mwezi wa saba."

"Si ungesema, bwana."

"Ningesemaje? Nilikuwa O."

Bi Fusae akamvutia shuka mpaka kidevuni, ingawa chumba kilikuwa na joto. Mimi nikatoka kutafuta chai ambayo sikuinywa.

Siku zilizofuata alikuwa A kwa bidii ya mtu aliyefunguliwa. Alitaka ndala zipangwe zielekee mlangoni. Alimuuliza daktari, kijana mmoja anayeitwa Nezu, maswali ishirini na matatu, nami niliyahesabu. Atalazwa upande gani. Nyuzi ni za nini. Umeme ukikatika je. Nezu alijibu yote. Mwisho mjomba akamwambia habari ya lile gazeti.

"Ni kweli, mzee," Nezu akasema. "Wameliona hilo. O wana nafuu kidogo."

"Kwa hiyo kama ningekuwa O kweli?"

"Ungekuwa umelala kitanda hiki hiki. Ni kama mtu atoke nje kwenye theluji na kofia. Kofia inasaidia. Lakini wewe mzee ulitoka na kofia bila nguo. Presha, chumvi, na moshi ule wa miaka arobaini, bila kutaja sigara."

"Na hiyo kofia haikuwa yangu," mjomba akasema.

Hapo alicheka. Kicheko kidogo, cha puani, ambacho sikuwahi kukisikia. Nadhani ndicho kilikuwa chake.

Si kwamba naamini damu ilimpa tabia. Angeandikiwa A siku ile ya kuzaliwa huenda angefanya mazoezi ya kuwa na wasiwasi, na tungemcheka kwa jingine. Nasema tu kwamba kulikuwa na mtu mwoga, mwoga kama mimi na wewe, na karatasi ikamnyima ruhusa. Na karatasi peke yake haina mdomo. Inahitaji watu wa kuisemea.

Jumatano alinipa orodha ya mambo ya kibanda, kurasa mbili. Saa ya kugeuza kuni, kiasi cha majivu, fundo la nne kutoka dirishani ambalo halikumridhisha. "Kesho utakuja?" akaniuliza. Nikasema nitakuja nikishageuza kuni. Alhamisi asubuhi nikageuza kuni kama ilivyoandikwa, nikakaza lile fundo, na saa nne simu ikaita. Moyo wake ulikuwa umesimama wakati Bi Fusae anammenyea tufaha.

Wakamleta nyumbani, akalazwa mbele ya madhabahu, kichwa kaskazini kama walazwavyo maiti wetu. Ndugu wakajaa. Binamu yake mkubwa akasema kafa kwa sababu ameambiwa ni A, angeachwa na O yake angekuwa anakula saa hizi. Mwingine akasema hapana, kifo chenyewe kilikuwa cha O, ghafla, bila kuaga. Walibishana hivyo juu ya maiti huku wakila achari yake, na nusu yao walikuwa wakimeza vidonge vya presha kwa chai ile ile.

Bi Fusae alifungua droo ya madhabahu atoe ubani. Akatoa na bahasha ya buluu. Mikunjo yake ilikuwa imelegea kama ya kitambaa, imefunguliwa na kufungwa mara nyingi. Kwa nyuma mjomba alikuwa ameandika kwa penseli: basi la saa mbili na dakika kumi. Chini yake tarehe tatu za mwezi wa kumi, kila moja imekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka, wa rula.

Kanbe kinyozi alikuwa amekuja kutoa pole, amekaa karibu na mlango. Alipoiona akasema, "Hiyo bahasha naijua."

"Unaijuaje?" Bi Fusae akamuuliza.

"Alikuwa anakuja nayo. Amevaa koti zuri, anasubiri basi hapo mbele. Basi likija halipandi. Anavuka barabara, ananiambia, Kanbe, lile gazeti lipo? Anasoma, anasoma tena. Halafu anaona aibu kukaa bure, anasema basi ninyoe." Akainamisha kichwa. "Mara ya tatu nilimwambia mzee, hakuna kitu cha kunyoa hapa. Akasema nyoa tu."

Wale wote tuliocheka lile yai tulikuwa humo.

Bi Fusae aliendelea kuitazama bahasha. Kisha akanisogezea, kidole chake kikiwa chini kabisa. Kulikuwa na tarehe ya nne, haijakatwa. Tarehe kumi na tisa, mwezi wa kumi na moja, miadi ya saa tatu na nusu. Pembeni yake ameandika jina langu, Masaki, na alama ya kuuliza.

"Alikuwa anasubiri mmalize kutundika," akasema.

Sikumwambia habari ya utani wangu. Nadhani alikuwa anaujua. Ule utani ulizunguka sana, nilihakikisha.

Tuliuchoma mwili wake Jumamosi, kama desturi yetu, na Jumapili Bi Fusae akaniita jikoni. "Kesho ndiyo tarehe kumi na tisa. Kule kliniki wanamsubiri. Kupiga simu dakika ya mwisho ni kukosa adabu. Nenda uwaombe radhi, na usiende mikono mitupu." Ndani ya nyumba ile cha kupeleka kilikuwa kimoja tu. Akafunga pakiti mbili za achari ya mwaka jana kwenye kitambaa cha zambarau, chumvi ya kutosha kuziba mishipa ya wauguzi wote, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Nikapanda basi la saa mbili na dakika kumi. Kanbe alikuwa anafagia theluji mlangoni kwake. Alisimamisha ufagio mpaka tukaondoka.

Kule kliniki kuna kaunta ndefu na viti vya kijani, vimejaa wazee, na kila mzee ana mtu pembeni, binti, mke, jirani, ameshika mkoba wake. Nikaweka bahasha ya buluu kwenye kaunta. Nilikuwa nimepanga maneno yote ndani ya basi. Dada wa mapokezi akasoma jina, akatafuta kwenye kompyuta, akapata.

"Ndiyo, Bwana Oyamada, wa saa tatu na nusu," akasema. Kisha akaninyanyulia macho, akaona umri wangu. "Wewe ndiye mgonjwa, au umemsindikiza?"

Nikatazama wale wazee na watu wao.

"Nimemsindikiza," nikasema.

Akaandika. Akaniambia tukae, tutaitwa. Nikachagua viti viwili karibu na dirisha, kimoja nikaweka achari, kingine nikakaa. Saa nne kasorobo mlango ukafunguliwa, na nesi akaita kwa sauti, "Oyamada Shigemitsu."

Nikasimama.